Mjomba amekata siku za mafundi nusu, saiti inawaka moto

Shikamoo Mshauri,

Nina miaka 29, ni injinia wa saiti kwenye kampuni ndogo ya ukandarasi ya mjomba wangu hapa Morogoro. Kwa sasa tuna kazi mbili. Moja ni hosteli ya wanafunzi ya ghorofa moja. Tumeshapaua, umebaki umaliziaji. Nyingine ni ghala la mazao nje kidogo ya mji. Hosteli tunatakiwa kuikabidhi mwisho wa Septemba, kabla vyuo havijafunguliwa, na mkataba una fidia kwa kila siku ya kuchelewa.

Kampuni yetu ina ugonjwa wa kuchelewa. Mwaka jana tulijenga nyumba za walimu, na kwenye makaratasi kila fundi alikuwa na siku za kumtosha na kubaki. Fundi wa plasta aliomba siku 20. Wiki ya kwanza alileta saidia fundi wawili tu, mwenyewe akawa anamalizia kibarua mtaa wa pili. Wiki ya mwisho ndiyo akaja na jeshi zima, na wiki hiyohiyo lori la mchanga likaharibika njiani na maji yakakatika. Akamaliza kwa siku 26. Fundi wa madirisha ya alumini alichukua advansi akaahidi wiki tatu. Nilipopita karakana kwake zikiwa zimebaki siku mbili, nikakuta hata alumini yenyewe haijanunuliwa, ananiambia, "Dada, nilikuwa nakusubiri unikumbushe." Halafu fundi wa dari, mzee mmoja mwenye kasi ya ajabu, akamaliza siku tano kabla. Nikafurahi. Ila fundi wa vigae nilikuwa nimempa tarehe, na kabla ya tarehe hiyo yeye alikuwa Kilosa kwenye kazi nyingine. Zile siku tano tukabaki tunatazamana na sakafu.

Mwezi uliopita mjomba alikwenda semina Dar es Salaam, akarudi na kitu kinaitwa mnyororo mkuu wa mradi. Nilivyomwelewa ni kwamba kila fundi anaficha siku ndani ya makadirio yake, kwa hiyo unayakata nusu na ratiba inafupika. Umaliziaji wa hosteli nilikuwa nimeupangia siku 90 za kazi: mabomba ya umeme ukutani 12, plasta 20, kuvuta nyaya 10, dari 14, vigae 16, rangi 12, kufunga swichi na taa pamoja na ukaguzi 6. Mjomba alichukua kalamu nyekundu akakata kila namba katikati. Jumla siku 45. Akatangaza saitini mbele ya watu wote kwamba atakayezidisha atakatwa hela. Sasa anataka kumwahidi mwenye jengo kuwa atashika funguo mwanzoni mwa Agosti.

Fundi wa plasta alinifuata pembeni akaniambia, "Injinia, mara nyingine ukiniuliza siku nitakwambia arobaini, ili mkishakata nibaki na ishirini zangu." Mafundi umeme ni timu moja tunayoigawa kati ya hosteli na ghala. Wasimamizi wa saiti hizi mbili wanawagombania: Jumatatu wako kwangu, Jumatano wameitwa kule na mitarimbo yao, Ijumaa wanarudi. Nao wameanza kusema bora watafute mkandarasi mwingine.

Mjomba ndiye aliyenisomesha, siwezi kusimama mbele za watu nikampinga. Hii njia ni ya kweli au ni maneno ya semina? Kama ni ya kweli, nifanye nini kabla ya kikao cha Jumamosi? Na je, ni lazima tununue programu ya kompyuta?

Mpwa wa Mkandarasi, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Njia ni ya kweli, na mjomba wako hakudanganywa. Ila ameshika nusu ya kwanza akaiacha ya pili. Nusu ya kwanza ni kuzitoa siku za akiba mifukoni mwa mafundi. Nusu ya pili ni kurudisha sehemu nzuri ya siku hizo kwenye ratiba, zikakaa mahali pamoja mwishoni mwa mradi, kila mtu anaziona na hakuna mwenye kuzimiliki peke yake. Ukikata bila kurudisha, umewabana watu tu, na jibu lao ndilo hilo la fundi wako wa plasta: arobaini. Mzee huyo kakupa tathmini ya semina nzima kwa sentensi moja.

Aliyeileta hoja hii ni Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli aliyegeukia mambo ya uendeshaji wa viwanda, katika kitabu alichokitoa mwaka 1997. Kabla yake, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wahandisi walikuwa wakipanga miradi kwa kutafuta mfululizo mrefu kuliko yote wa kazi zinazotegemeana, ule ambao ukichelewa siku moja mradi mzima unachelewa siku moja. Bila shaka ulifundishwa chuoni. Kasoro yake ni kwamba hesabu ile ya msingi inachukulia kuwa watu na vifaa vipo muda wote. Inajua kwamba nyaya huvutwa baada ya plasta. Haijui kwamba wavutaji wenyewe siku hiyo wako ghalani. Mnyororo mkuu unahesabu vyote viwili, kazi inayosubiri kazi nyingine na kazi inayosubiri mtu.

Sasa tuje kwenye siku zinazopotea, maana barua yako imezionyesha vizuri kuliko vitabu vingi. Fundi aliyepewa siku 20 kwa kazi ya siku 11 ana haki ya kumalizia kibarua cha mtaa wa pili kwanza. Anajua muda upo. Tatizo ni kwamba akiba yake anaila mwanzoni, na mikosi huja mwishoni, lori likiharibika hana tena pa kujishikiza. Mwingereza mmoja, Cyril Northcote Parkinson, aliandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda iliopewa, na yeye alikuwa anawazungumzia makarani wa serikali, hajawahi kumwona fundi wako wa alumini. Upande wa pili, anayewahi hana wa kumpokea. Siku tano za mzee wa dari zilikuwa faida halisi, zikafia sakafuni kwa sababu fundi wa vigae alishikwa na tarehe. Kwa hiyo ucheleweshaji unarithiwa wote, na uwahi haurithiwi hata kidogo. Ongeza na hili: kazi moja ikisubiri matawi matatu, tuseme rangi inayosubiri madirisha, vigae na bomba za maji, na kila tawi lina uwezekano wa asilimia 80 wa kufika kwa wakati, uwezekano wa yote matatu kufika ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8, yaani karibu asilimia 51. Kila mmoja anajiona mwaminifu, na wewe kila mara ya pili unachelewa.

Ndiyo maana akiba inawekwa pamoja. Wana VICOBA wanaelewa jambo hili bila kufundishwa: hakuna mwanachama anayeweka ndani kwake pesa kamili ya msiba na ya kulazwa hospitali, wanachangia mfuko wa jamii, na anayepatwa ndiye anayechukua. Mfuko unatosha kwa kuwa hawafiwi wote mwezi mmoja.

Tuichukue hosteli yako. Mjomba amekata siku 45. Kanuni ya Goldratt inasema nusu ya ulichokata irudi kama akiba ya mradi: 22. Ratiba inakuwa siku 45 za kazi na 22 za akiba, jumla 67. Kwa wiki ya siku sita hiyo ni wiki 11 na siku moja badala ya wiki zako 15. Bado umefupisha sana, na hukumwibia mtu.

Wako wanaohesabu akiba kwa njia nyingine: unachukua siku ulizokata kwenye kila kazi (6, 10, 5, 7, 8, 6 na 3), unazipiga kila moja mara yenyewe, unajumlisha, halafu unatafuta kipeo cha pili. Inakuja karibu 18. Hesabu hiyo ni nzuri ikiwa mikosi ya kazi moja haihusiani na ya nyingine. Kwenye ujenzi wetu inahusiana mno. Maji yakikatika yanamkatikia mtu wa plasta na wa vigae pamoja, na mwenye jengo akichelewesha malipo wanasimama wote. Mimi ningebaki na 22.

Hata hivyo, kukata kila kitu nusu ni panga butu. Afadhali umuulize kila fundi maswali mawili. La kwanza: mchanga upo, maji yapo, umeme haukatiki, huna kazi nyingine, unamaliza siku ngapi? La pili: ukiandamwa na kila balaa je? Namba ya kwanza iende kwenye ratiba, tofauti ya hizo mbili ndiyo unayoitumia kukokotoa akiba. Utakuta kwa plasta ni 11 na 20, kwa rangi labda 8 na 12. Ukimuuliza hivyo fundi haoni kwamba umemwita mwongo. Na kuna vitu havikatwi kabisa. Zege tunalipima nguvu siku ya 28 na halina habari na Goldratt. Ukienda kwenye jengo lijalo lenye slabu za kumwaga, usimruhusu mtu apitishe kalamu nyekundu kwenye siku za kumwagilia maji. Plasta nayo ina muda wake wa kukauka kabla ya rangi.

Mafundi umeme ndio moyo wa barua yako, japo umewataja kwa kupita. Hao ndio kikwazo cha kampuni yenu. Tazama uharibifu wa kuwavutavuta: tuseme wana kazi ya siku 10 hosteli na ya siku 10 ghalani. Wakimaliza moja ndipo waende nyingine, ya kwanza inakwisha siku ya 10 na ya pili siku ya 20. Wakibadilishana kila siku mbili, ya kwanza inakwisha siku ya 18 na ya pili ileile ya 20. Ghala halikupata hata siku moja, hosteli imepoteza nane, na bado sijahesabu nauli ya kubeba vifaa wala asubuhi zile za kuulizana "tulikuwa tumefikia wapi?"

Kwa ratiba fupi, hosteli inawahitaji siku ya 1 hadi ya 6 kwa mabomba ya ukutani, siku ya 17 hadi ya 21 kwa nyaya, na siku tatu za mwisho kwa swichi, taa na ukaguzi. Katikati hapo, siku ya 7 hadi ya 16, plasta inapigwa na wao hawana kazi kwako. Hilo ndilo dirisha la ghala. Kaa na msimamizi mwenzako mkubaliane kwamba wakiwa kwako hawaitwi, na wakiwa kwake hata wewe huwaiti, labda nyumba iungue. Kazi ya ghala ikiwa ni siku nane hivi za kweli, wanarudi na nafasi ya kupumua. Ikizidi siku 10, mjomba aamue mapema saiti ipi itangulie, aandike, isijadiliwe tena asubuhi kwenye simu. Na kazi mpya yoyote atakayoichukua mwaka huu ipangwe kwa kuangalia kwanza mafundi umeme wako huru lini, hata kama mchanga umeshamwagwa.

Kuna madirisha. Yapo nje ya mnyororo mkuu, ni tawi linalouingia kabla ya rangi, yaani kabla ya siku ya 37. Huyo wa alumini si mtu wako, usikate siku zake. Akisema 18, chukua 18. Weka akiba ya tawi ya siku 5 mbele yake, ili akichelewa kidogo asiguse mnyororo. Maana yake advansi itoke siku ya 13. Ukiitoa siku ya kwanza, fedha yako inalala kwake na yeye analala nayo. Ukiitoa siku ya 13, pita karakana ndani ya siku nne uone alumini kwa macho. Wa vigae umpigie wiki moja kabla dari haijaisha, umpigie tena siku tatu kabla, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba anakuja kazi inapoiva, hata ikiiva mapema. Kumsubirisha tayari siku mbili kwa posho ni rahisi kuliko kupoteza tano.

Hili la kukatwa hela lifutwe, na hapa sina lugha laini. Namba ya ratiba fupi ni ile ambayo fundi ana nusu ya nafasi ya kuifikia. Kwa kazi saba, tegemea tatu au nne zizidishe, hata kama watu wako ni malaika. Ukimkata mtu hela kwa hilo umemfundisha kuficha siku, na safari hii atazificha ndani zaidi. Unachomdai ni vitu viwili: aanze siku anayokabidhiwa, na asiondoke mpaka amalize. Na wale mnaowalipa kwa kutwa, wapeni bei ya kazi nzima. Fundi wa kutwa akiwahi siku nne amejikata mwenyewe mshahara wa siku nne. Usimshangae akienda polepole.

Kufuatilia usitumie swali la "umefikia asilimia ngapi?" Kila fundi duniani yuko asilimia 90. Uliza kila asubuhi: zimebaki siku ngapi? Kisha linganisha mambo mawili, mnyororo umeenda kiasi gani na akiba imeliwa kiasi gani. Mfano, plasta inatakiwa iishe siku ya 16, hiyo ni asilimia 36 ya mnyororo. Ikiisha siku ya 21, umekula siku 5 za akiba kati ya 22, asilimia 23. Uko kwenye kijani, nenda kalale. Ikiisha siku ya 30, umekula 14, asilimia 64, na safari haijafika hata nusu. Hapo ni nyekundu, unaongeza saidia fundi, unaomba mafundi wa dari waanze vyumba vya juu wakati vya chini nyaya bado zinavutwa, unampigia mjomba. Kwenye njano katikati unaandaa mpango bila kuutekeleza. Faida yake kubwa ni kwamba utaacha kukimbia kila mtu anapopiga kelele.

Nije kwa mjomba. Usisubiri Jumamosi. Nenda nyumbani Ijumaa jioni, baada ya chakula, na karatasi yenye mistari miwili: siku 45 zake, na siku 22 mbele yake. Mwambie hukuja kupinga semina, umekuja kuimalizia. Jumamosi atangaze yeye mwenyewe kwamba adhabu imefutwa na akiba imewekwa. Kutoka kwako itaonekana umemshinda, kutoka kwake itaonekana ana busara. Kuhusu Agosti, asimwahidi mwenye jengo kitu. Mkataba unasema mwisho wa Septemba, acha mkataba useme. Siku zinazobaki kati ya ile ya 67 na ya 90 ataziona thamani yake siku mteja atakapotaka kubadili rangi ya vigae au malipo yatakapochelewa, maana hakuna akiba ya ratiba inayotibu cheti cha malipo kilicholala ofisini kwa mtu.

Programu zipo, na zina kazi kwa kampuni yenye miradi mingi. Kwa saiti mbili, nunua karatasi ya manila na kalamu tatu za rangi, ubandike kwenye ukuta wa stoo ambapo kila mtu anachukua koleo asubuhi.

Mjomba atauliza, "Hizi 22 za nini, si tuzikate pia?" Wote huuliza. Muonyeshe hesabu ya kipeo cha pili, na ikibidi kupatana, usishuke chini ya 18.